Tusisingizie Jua

Viwavijeshi vamizi wakimaliza mahindi Rukwa, jibu ni tabianchi. Kantangaze akiteketeza nyanya Ngarenanyuki, jibu ni tabianchi. Embe likijaa funza kabla halijaiva, gunia la mahindi likigeuka vumbi ghalani, viazi vikidumaa kwenye nyanda za baridi kabisa, jibu ni lilelile. Limeingia katika hotuba za kufungua semina, katika vipindi vya redio vya wakulima na katika maandiko ya kuombea fedha za miradi. Sasa limefika kijiweni, ambako mkulima aliyepoteza ekari mbili hulirudia kwa unyonge: dunia imechemka, wadudu wamezidi, sisi tufanyeje?

Makala hii inalipinga jibu hilo. Sibishani na kupanda kwa joto la dunia; hilo limepimwa na kuthibitika. Wala sibishi kwamba mdudu, ambaye mwili wake hufuata joto la mahali alipo, huzaliana upesi zaidi akipata joto linalomfaa. Ninachokataa ni kulisimamisha jua kizimbani kama mshitakiwa wa kwanza ilhali alama za vidole vya watu zimejaa kila mahali. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, walisema wahenga. Visumbufu vigeni vya mimea vilivyotutesa kwa nusu karne viliingia Afrika Mashariki kwa meli, kwa malori, kwa ndege, ndani ya mbegu, miche na magunia. Asiyejua mlango alioingilia mwizi hataweka kufuli panapostahili, na sisi kwa miaka mingi tumekuwa tukikagua paa.

Tuanze na tarehe, maana tarehe hazina chama.

Dumuzi, yule mdudu wa ghalani ambaye wakulima wengi wa Tanzania walimwita Scania, kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Huku kwetu aliripotiwa kwanza mkoani Tabora mwaka 1981, na inaaminika aliingia na shehena ya mahindi mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuridhika na punje zilizopukuchuliwa. Alitoboa mahindi yangali kwenye magunzi, akatoboa makopa ya muhogo, akatafuna hata miti ya vihenge. Mwaka 1983 alikuwa Taveta, upande wa Kenya. Muda si mrefu akaonekana Togo, upande wa pili wa bara, ambako alishushwa na shehena nyingine kabisa. Sasa ziweke tarehe hizo kando ya nyingine mbili. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, liliundwa mwaka 1988. Mkataba wa tabianchi ulifunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992. Kufikia wakati huo wakulima wa Tabora walikuwa wamekwisha kula hasara ya dumuzi kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna aliyekuwa akiitafuta sababu angani.

Kabla yake walikuja vidung'ata wa muhogo, vidudu wenye unga mweupe mwilini, waliogunduliwa katika nchi mbili za Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwao ni Amerika ya Kusini. Muhogo nao ulitoka huko, ukaletwa na Wareno karne kadhaa zilizopita, na kwa karne hizo zote ulistawi Afrika bila adui huyo. Hali ya hewa ya bonde la Kongo haikugeuka ghafla mwaka mmoja ikamwalika. Inaaminika aliingia akiwa kwenye vipando vya muhogo.

Orodha inaendelea. Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia alinaswa Kenya. Alisambaa kiasi kwamba mwaka 2014 nchi hiyo ilijisitishia yenyewe kuuza maembe Umoja wa Ulaya, na soko hilo halikufunguka tena hadi mwaka 2021. Mwaka 2011 uliibuka Bomet, Kenya, ugonjwa wa MLN unaokausha mahindi yakiwa bado machanga. Ugonjwa huo huletwa na virusi viwili vinavyokutana kwenye mmea mmoja, na kile kilichokuwa kigeni kwetu kilijulikana Peru tangu miaka ya 1970. Mwaka 2014 kantangaze, mzaliwa wa Amerika ya Kusini aliyeonekana Hispania mwaka 2006, alifika Kenya na Tanzania. Mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi wa Amerika aliripotiwa Afrika Magharibi, na mwaka uliofuata alikuwa kwenye mahindi yetu.

Ukiitazama orodha hiyo kwenye ramani, utaona jambo ambalo nadharia ya joto haiwezi kulieleza. Lau wadudu hawa wangekuwa wamesukumwa na joto, tungewaona wakisogea hatua kwa hatua kutoka mahali pa jirani, bonde hadi bonde, wilaya hadi wilaya. Badala yake kila mmoja ametua ghafla kutoka bara jingine, mara nyingi karibu na bandari, uwanja wa ndege, mpaka au soko la nafaka, ndipo akaanza kusambaa. Hiyo ndiyo njia ya bidhaa.

Chukua kiwavijeshi vamizi, ambaye ndiye anayetajwa zaidi katika hotuba hizi. Uchunguzi wa vinasaba unamfananisha na jamaa zake wa Florida na visiwa vya Karibi. Huko Marekani baridi kali humuua. Hujihifadhi kusini mwa Florida na Texas, na kila mwaka nondo wake huruka upya kuelekea kaskazini, wengine hadi Kanada, kisha majira ya baridi huwafyeka. Afrika ya kitropiki haina theluji ya kumfyeka. Haikuwa nayo mwaka 2016, haikuwa nayo mwaka 1916, haikuwa nayo enzi za misafara ya pembe. Mashamba yetu yalikuwa na joto la kumtosha tangu siku mahindi yalipopandwa kwa mara ya kwanza kwenye ardhi hii. Kilichokosekana ni usafiri, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba aliupata katika ndege au shehena. Akishafika, nondo anayeweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja haombi lifti tena.

Wanaotetea nadharia ya joto hupenda kutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change. Ulifuatilia visumbufu na vimelea 612 vya mazao, ukaonyesha kwamba tangu mwaka 1960 vimekuwa vikisogea kuelekea ncha za dunia kwa wastani wa kilomita 2.7 kila mwaka. Ni utafiti mzuri na siupingi. Nawaomba tu waufanyie hesabu. Kutoka Nigeria, huko Afrika Magharibi, hadi Rukwa ni zaidi ya kilomita 3,000. Mdudu anayekwenda kilomita 2.7 kwa mwaka angehitaji zaidi ya miaka 1,000 kufika. Kiwavijeshi vamizi alitumia takriban mwaka mmoja. Wastani ule unaeleza jambo halisi, yaani kujongea kwa mipaka ya makazi ya wadudu. Hauelezi uvamizi tulioupata.

Kuna sababu nyingine inayofanya hadithi ya joto isituvae vizuri: imeshonwa kwa vipimo vya nchi za baridi. Huko, majira ya baridi ndiyo ukuta. Bungua wa misonobari wa magharibi mwa Kanada aliteketeza misitu mikubwa ya British Columbia kwa kiasi fulani kwa sababu baridi iliyokuwa ikiwaua mabuu wake ilipungua makali. Joto likipanda, ukuta unabomoka. Mkanada ana haki ya kulalamikia hewa. Ukuta wetu haukuwa baridi. Ulikuwa bahari, na baada ya bahari kuvukika, ukawa karantini. Bahari tulianza kuivuka kwa majahazi, kisha kwa meli za makontena. Karantini tukaiacha ijiendee. Utafiti mwingine maarufu, wa mwaka 2018 katika jarida la Science, ulikadiria kwamba kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka itazidisha hasara ya wadudu kwenye ngano, mpunga na mahindi kwa kati ya asilimia 10 na 25. Takwimu hiyo husomwa majukwaani. Kisichosomwa ni kwamba hasara kubwa zaidi inatarajiwa katika nchi za ukanda wa wastani, kwa kuwa wadudu wengi wa tropiki tayari wako karibu na joto linalowafaa, na likizidi sana huwadhuru wao wenyewe. Tumeazima kilio cha jirani tukasahau kuuliza kama msiba ni uleule.

Na mwenye shaka aende Nyandarua, nyanda za juu za Kenya, penye ukungu na viazi. Mwaka 2015 huko iliripotiwa minyoo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya viazi mviringo, yenye asili ya milima ya Andes. Minyoo hiyo inapenda ubaridi. Jike akifa, mwili wake hugeuka ganda gumu lenye mamia ya mayai, na ganda hilo hukaa udongoni miaka mingi likisubiri viazi vipandwe tena. Adui huyu husafiri na mbegu za viazi na udongo ulioganda kwenye mbegu hizo, kwenye majembe na kwenye viatu. Hebu mwenye nadharia ya joto atuambie: joto lilimletaje mpenda baridi mlimani?

Hata taasisi ambazo kila mtu huzitaja kama shahidi wa upande wa pili hazisemi yanayosemwa kwa jina lao. Mwaka 2021 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na sekretarieti ya Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea, lilizindua mapitio makubwa ya kisayansi kuhusu athari za tabianchi kwa visumbufu vya mimea. Likitangaza mapitio hayo, FAO lilikumbusha kwamba nusu ya magonjwa mapya ya mimea huenezwa na safari na biashara za kimataifa. Hali ya hewa ni ya pili. Wasemaji wetu wamefungua kitabu hicho, wakaruka jibu la kwanza, wakakariri la pili.

Najua nitakayoulizwa hapa: na nzige je? Swali ni zito na linastahili jibu kamili. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilimwaga mvua katika jangwa la Rub' al Khali kusini mwa Bara Arabu. Mchanga ukaota majani, nzige wakazaliana mahali pasipofikika. Mwaka uliofuata Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto lisilo la kawaida, mvua zikazidi, na mwezi Desemba kimbunga Pawan kikapiga Somalia. Mwishoni mwa mwezi huohuo makundi yaliingia Kenya, yakawa mabaya kuliko yote yaliyoonekana nchini humo kwa miaka 70. Hapo mkono wa hewa unaonekana, na sina sababu ya kuuficha.

Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, nzige wa jangwani si mgeni. Ni mwenyeji wa ukanda huu tangu enzi za Mafarao, na historia yake haitufundishi kitu kuhusu namna kantangaze wa Amerika alivyofika Arusha. Pili, hata nzige hakuruka kutoka kimbunga hadi Kenya moja kwa moja. Kati ya jangwa la Arabuni na Pembe ya Afrika alipita Yemen, nchi iliyokuwa vitani, ambako kazi ya kupima na kunyunyizia dawa haikuweza kufanyika ipasavyo. Mvua ilimlea, vita vilimpa muda. Hewa ilifanya sehemu yake, na watu wakafanya yao.

Ukitaka kupima kwa haki mchango wa joto na mchango wa watu, mtafute mdudu aliyepitia njia zote mbili. Yupo, na ni wa kwetu: mdudu mdogo mweusi anayetoboa buni za kahawa. Asili yake ni Afrika. Juliana Jaramillo na wenzake, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 na 2011, walionyesha kwamba chini ya takriban nyuzi joto 15 hawezi kukua. Ndiyo maana mashamba ya juu ya kahawa ya Arabika yalikuwa salama zamani. Joto lilipoongezeka akaanza kupanda. Katika miteremko ya Kilimanjaro ameripotiwa kupanda takriban mita 300 katika muda wa kama miaka kumi. Hiyo ni athari ya tabianchi, safi, isiyo na ubishi, na mkulima wa Machame aliyezoea kuvuna buni zisizo na tundu anaijua.

Mdudu huyohuyo alifika Brazili zaidi ya miaka 100 iliyopita na kuwa adui mkuu wa kahawa ya huko. Mwaka 2010 aligunduliwa Hawaii. Joto limempandisha mita 300 za mlima. Biashara ya buni na mbegu imemvusha Atlantiki na kumfikisha katikati ya Pasifiki. Ni mdudu mmoja na mizani ni hiyo. Msomaji apime mwenyewe upande gani ni mzito.

Wapo watakaosema kwamba tofauti hii ni ya wanazuoni, kwamba kwa mkulima aliyeliwa mahindi haina maana nani aliyemleta mdudu. Ina maana kubwa, kwa sababu kila jibu hubeba dawa yake. Ukisema ni tabianchi, dawa itatafutwa angani: makongamano, warsha, mbegu za kustahimili ukame, miti ya kupanda. Na wakati mwingine dawa hiyo huleta adui mpya. Wakazi wa Baringo, Kenya, wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali na wafadhili waliwaletea mathenge, mti wa Amerika unaostahimili ukame, uzuie jangwa na kutoa kuni. Nia ilikuwa njema, na hoja ilikuwa hiihii: ardhi inakauka, tuwahi. Mathenge ukaziba malisho, njia na kingo za ziwa, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi hadi wakashindwa kula. Mwaka 2006 wakazi walikwenda mahakamani kuishitaki serikali, wakampeleka na mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Hofu ya ukame iliingiza gugu kwa mwaliko rasmi, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la karantini: huyu mgeni, akizaliana, tutamzuiaje?

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, mwenyeji ndiye anayeugua.

Sasa tuulize kwa nini jibu la jua limependwa hivi. Kwa sababu halina mwenye makosa. Ukisema mdudu aliingia kwa gunia lisilokaguliwa, papo hapo yanazuka maswali yenye majina na vyeo: mkaguzi alikuwa wapi, maabara ilikuwa na vifaa gani, cheti cha usafi wa mimea kilitolewa na nani, kwa nini taarifa ya mkulima wa kwanza ilichukua miezi kufika wizarani. Ukisema ni tabianchi, wote tunatikisa kichwa na kuhamia ajenda inayofuata. Funika kombe mwanaharamu apite. Na kwa kuwa fedha za wafadhili nyingi siku hizi zimeandikwa tabianchi, andiko la kununua mitego na kuajiri wakaguzi wa mpakani huvikwa joho la tabianchi ili lipate kusomwa. Likishapata fedha, joho ndilo hubaki na mitego husahaulika. Wauza viuatilifu nao wana lao. Mkulima aliyeambiwa kwamba wadudu wataongezeka kila mwaka hadi mwisho wa dunia ni mteja wa kudumu. Kufa kufaana.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Wanasema: nchi tajiri ndizo zilizochafua hewa, sisi tumechangia kidogo mno, ukihamisha lawama kwenda mipakani unawapunguzia deni wenye deni na kumtwisha mkulima maskini. Ni hoja ya haki, na mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh ilizaa makubaliano ya kuanzisha mfuko wa hasara na madhara. Lakini mdai anayetaka kulipwa huleta hesabu safi. Tukipeleka mezani ukame, mafuriko, nzige na kahawa ya Kilimanjaro, tunapeleka madai yenye ushahidi. Tukichanganya humo dumuzi wa 1981 na kantangaze wa 2014, tunampa mdaiwa nafasi ya kukataa yote kwa kuonyesha lile moja la uongo. Hoja ya haki inalindwa kwa ukweli, hata ule usiotupendeza.

Nao ukweli huu una faida kubwa kuliko hasara yake: unatupa kazi inayowezekana. Rudi kwa vidung'ata wa muhogo. Walipokuwa wakiteketeza chakula cha mamilioni ya watu, Mswisi Hans Rudolf Herren na wenzake katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan, hawakutafuta kubadili hewa. Waliuliza mdudu huyu kwao ni wapi, na huko kwao anamwogopa nani. Msako uliwafikisha Paraguay, ambako walimpata nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Alikaguliwa kwanza katika karantini nchini Uingereza, kisha kuanzia mwaka 1981 akaachiwa mashambani Nigeria, na baadaye katika nchi zaidi ya 20 za ukanda wa muhogo. Vidung'ata walipungua hadi kuwa kero ndogo. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, na aliongoza pia kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi. Katika miaka hiyo yote joto la dunia liliendelea kupanda. Kama joto ndilo lingekuwa mwamuzi, muhogo ungekuwa umekwisha. Leo tunaula.

ICIPE hiyohiyo, ikishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, imewafundisha wakulima kilimo cha sukuma-vuta: desmodiamu inapandwa kati ya mistari ya mahindi kumfukuza mdudu kwa harufu, na nyasi pembezoni mwa shamba kumvuta huko. Mashamba yaliyopimwa Afrika Mashariki yalionyesha viwavijeshi vamizi wakipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hakuna hata moja ya dawa hizi iliyosubiri kongamano la tabianchi.

Zipo pia sheria, tena nyingi. Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea ulipitishwa mwaka 1951. Kenya ilianzisha taasisi yake ya ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, mwaka 1996. Tanzania ilitunga Sheria ya Afya ya Mimea mwaka 2020 na kuunda mamlaka yenye makao Ngaramtoni, Arusha. Kanuni za kimataifa zinataka paleti na makasha ya mbao yanayobeba mizigo yatibiwe, kwa mfano kwa kupashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, na kugongwa mhuri, ili mabuu waliomo ndani ya mbao wafe. Kilichobaki ni kuangalia kama mhuri upo, na kuwa na mtu wa kuangalia.

Nitaambiwa mipaka yetu ni mirefu na ya vichochoro, na mdudu hana pasipoti. Ni kweli, hakuna karantini inayozuia kila kitu. Lakini lengo la kwanza la karantini ni kumchelewesha mgeni, na la pili ni kumwona angali kwenye shamba moja. Mitego ya harufu ya nzi wa matunda, ikisambazwa bandarini na kwenye masoko ya mpakani Namanga, Holili na Tunduma na kusomwa kila wiki, ni rahisi kuliko miaka saba bila soko la maembe. Afisa ugani mwenye simu na nauli ya kufika kijijini huona jani geni kabla halijawa janga la mkoa. Na mkulima anayejua kwamba akitoa taarifa atasaidiwa, badala ya kung'olewa shamba bila fidia, atatoa taarifa siku ya kwanza. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003, wakarudia Malabo mwaka 2014, kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Nchi nyingi hazijafika hapo. Upungufu huo haukuletwa na jua.

Hukumu yangu basi ni hii. Tabianchi ni msaidizi wa kosa na ataendelea kusaidia kwa nguvu zaidi: itampandisha mdudu milimani, itafupisha siku zake za kukua, itadhoofisha mimea na maadui wa asili wanaomdhibiti. Hiyo ni sababu ya kuufunga mlango mapema zaidi, kwa kuwa kila mgeni tutakayemruhusu leo atakutana na hali inayomfaa zaidi kesho. Aliyeufungua mlango ni binadamu, na anayeweza kuufunga ni yeye.

Kwa hiyo, msomaji, ukirudi kutoka safari usibebe mche, kipande cha muhogo wala mbegu ya zawadi ndani ya begi. Ukiona mdudu usiyemjua shambani, mpige picha umpelekee afisa kilimo siku hiyohiyo. Na bajeti ya kilimo ikisomwa Dodoma au Nairobi, sikiliza fungu la wakaguzi wa mimea na maabara zao. Likiwa dogo, mwulize mbunge wako kwa nini. Akikujibu kwamba wadudu wameletwa na mabadiliko ya tabianchi, mwambie dumuzi aliingia Tabora kabla ya mwaka 1981, kisha rudia swali lako.